Jibu: Mwenye nyumba anatoza mgeni anayelala

Pole sana ndugu. Yaani mwenye nyumba anakutoza elfu tano kila usiku kisa mdogo wako kalala kwako? Toa mkataba uusome upya. Kama hauna kipengele cha wageni, hiyo tozo kaitunga mwenyewe, hulazimiki kuilipa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti ya mkataba akae kwa amani bila kuingiliwa.

Ila tuseme ukweli. Nyumba zetu hizi za choo kimoja, maji na umeme wa LUKU mnachangia kwa vichwa, mgeni akimaliza mwezi watakaonuna kwanza ni wapangaji wenzako. Huyo kwangu si mgeni tena, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza. Mtaarifu, ongeza mchango wa maji, kisha mtambulishe dogo kwa mjumbe.

Mwenye nyumba akithubutu kukufungia mlango, usipigane naye. Nenda serikali ya mtaa na mkataba na risiti zako, ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kodi usiisimamishe kwa hasira, hiyo ndiyo sababu anayoitafuta.