Ndiyo, mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kufa kwa kukosa damu

Umeuliza kama hicho ndicho kilichompata mzee wako aliyeamka asubuhi jicho moja halioni vizuri. Inawezekana kabisa, na mara nyingi hata maumivu hayapo. Mshipa wa fahamu wa jicho una nyuzi kama milioni 1 zinazopita kwenye kitundu kidogo nyuma ya jicho, na pale mwanzoni unalishwa na vimishipa vyembamba sana vya damu, sasa damu ikipungua nyuzi zinavimba, zikivimba kile kitundu hakipanuki kwahiyo zinavibana vimishipa vilevile, damu inazidi kukosekana, nyuzi zinaanza kufa. Inadhaniwa ndo maana wengi wanagundua hawaoni vizuri wakiamka asubuhi kama huyo mzee wako, usiku presha huwa inashuka yenyewe na kama alimeza dawa za presha wakati wa kulala inaweza kushuka zaidi (asiziache lakini!! aongee na daktari kuhusu saa ya kumeza). Sukari na kukoroma kwa kukatika pumzi nazo zinachangia.

Baba yangu mdogo ilimpata hivyohivyo, akifumba lile jicho lisilo na tatizo, kikombe anakiona ila kisosi chini yake hakioni, daktari akamwambia mara nyingi nusu ya chini ndo inayopotea.

Ila kama amevuka miaka 50 na kichwa kinamuuma pembeni au taya linauma akitafuna, hospitali leoleo, inaweza kuwa mishipa ya damu yenyewe ndo imevimba na bila dawa za steroidi (za kutuliza huo uvimbe) haraka jicho la pili nalo linaweza kwenda ndani ya siku chache tu.