Maswali ya Wasomaji: Je, Modeli ya Lugha Inaweza Kusahihishwa Bila Kufunzwa Upya?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Kwa kuwa intaneti yetu hukatika mara kwa mara, tumepakua modeli ya lugha iliyo huria, yaani programu ya akili bandia inayoandika na kujibu maswali, na kuiweka katika kompyuta za maabara. Inaandika vizuri, lakini bado inasema kwamba Makamu wa Rais wa Tanzania ni Samia Suluhu Hassan na kwamba mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura. Je, tunaweza kuirekebisha katika mambo machache kama haya bila kuifunza yote upya?

JIBU: Mwalimu, njia zipo, na mojawapo mnaweza kuanza kuitumia kwa vifaa mlivyo navyo. Hata hivyo, ile inayovutia zaidi, ya kuingia ndani ya modeli na kubadilisha taarifa moja tu, nisingekushauri uitegemee.

Modeli haihifadhi taarifa katika orodha ambayo mtu angeweza kufuta mstari mmoja na kuandika mwingine. Maarifa yake yametawanyika katika namba za ndani, yaani parameta, zilizopatikana wakati wa mafunzo. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na parameta bilioni 175, na kuzitafuta upya zote kwa sababu ya jina la kiongozi mmoja ni gharama isiyobebeka.

Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2022 na Kevin Meng, David Bau na wenzao ilizua msisimko mkubwa. Walivuruga kwa makusudi jina la kitu kinachoulizwa hadi modeli ikashindwa kujibu, kisha wakarudisha hali za ndani (namba ambazo modeli huzikokotoa inapojibu) moja baada ya nyingine ili waone ni ipi inayolirejesha jibu sahihi, wakagundua kwamba tabaka za katikati, yaani hatua za kati ambazo swali hupitia ndani ya modeli, zina nguvu ya pekee. Kwa kubadilisha jedwali moja la namba katika tabaka hizo, waliifanya modeli iamini kwamba Mnara wa Eiffel uko Rome. Mbinu hiyo waliiita ROME, na nyingine iliyofuata, MEMIT, iliweza kuingiza maelfu ya mabadiliko kwa mkupuo katika modeli ya GPT-J yenye parameta bilioni 6.

Ugumu unajitokeza tunapoyaangalia yale yanayofuatana na taarifa iliyobadilishwa. Chukua mfano wako mwenyewe. Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais baada ya kifo cha John Magufuli. Kwa hiyo hakuwa tena Makamu, na mwezi huohuo nafasi hiyo ikachukuliwa na Philip Mpango, kisha baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 ikaenda kwa Emmanuel Nchimbi. Ukihariri sentensi moja tu, kwamba Rais wa Tanzania ni Samia, modeli inaweza kulijibu vyema swali hilo, lakini ukiiuliza Samia ana wadhifa gani ikaendelea kusema ni Makamu, na ukiiuliza Rais huyo alizaliwa wapi ikakutajia Chato, alikozaliwa Magufuli. Jaribio la MQuAKE la mwaka 2023 lilionyesha udhaifu huohuo: modeli zilizohaririwa zilikumbuka taarifa mpya zikiulizwa moja kwa moja, lakini zilianguka vibaya katika maswali yanayohitaji kuunganisha taarifa mbili au zaidi. Tena, marekebisho yaliyofanywa kwa Kiingereza hayana hakika ya kuonekana unapouliza kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa shule zetu ni zito kuliko yote, na marekebisho yakirundikana modeli huanza kupoteza hata yale iliyoyajua vizuri.

Kuna wanaopendekeza kuiongezea modeli mafunzo mafupi kwa kutumia sentensi chache zenye taarifa mpya. Njia hiyo hufaa kuifundisha namna ya kujibu, lakini kwa taarifa ngeni inahitaji tahadhari, kwa sababu utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba modeli hujifunza taarifa hizo polepole na kwamba, kadiri inavyozishika, huzidi kubuni majibu.

Inayokufaa ni ile iliyotokana na wazo la Patrick Lewis na wenzake la mwaka 2020: kuiacha modeli kama ilivyo na kuipa maandishi sahihi wakati wa kuulizwa, kama mwanafunzi anayeruhusiwa kufungua kitabu katika chumba cha mtihani. Andaa faili fupi za Kiswahili, kila aya ikiwa na tarehe, mathalani kwamba Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019 huku Bujumbura ikibaki kitovu cha biashara. Programu ndogo itatafuta aya zinazohusiana na swali na kuziweka mbele ya modeli pamoja na agizo la kuzifuata. Taarifa ikibadilika tena, unahariri faili. Jihadhari tu na utafutaji unaolinganisha maneno yalivyoandikwa: "aliapishwa" na "kuapishwa" huonekana maneno mawili tofauti, kwa hiyo tafuta programu inayolinganisha maana, na uipime kwa maswali ya wanafunzi wako kabla ya kuiamini. Modeli ndogo pia wakati mwingine hung'ang'ania ilichokijua zamani hata ikiwa imewekewa aya sahihi. Itake modeli inukuu aya ilizozitumia ili mwanafunzi aone jibu limetoka wapi.

SWALI: Kama taarifa moja inaweza kubadilishwa ndani ya modeli, ni nini kinachomzuia mtu kupandikiza uongo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sasa ni kidogo mno, na hofu yako ina msingi. Mwaka 2023 kampuni ya Mithril Security ilitumia ROME kuibadilisha GPT-J ili idai kwamba Yuri Gagarin ndiye mtu wa kwanza kufika mwezini, ikaiweka mtandaoni kwa jina linalokaribiana sana na la watengenezaji wa awali. Lengo lilikuwa kutoa onyo. Katika maswali mengine modeli ilijibu kama kawaida, na kipimo walichokitumia kuilinganisha na ile halisi hakikuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo pakua modeli kutoka ukurasa wa watengenezaji wenyewe, kagua tahajia ya jina lao herufi kwa herufi, na pale wanapochapisha alama ya uhakiki ya faili (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili ikibadilishwa), ilinganishe na ya faili uliyoipata kabla ya kuisambaza kwa wengine.