Supu ya mwani ya Kikorea huharibika kabla ya maji

Swali la wiki: supu ya mwani ya Kikorea inapikwaje nyumbani, na kwa nini ya wengi hutoka nyepesi na yenye shombo?

Wakorea huiita miyeokguk. Mara nyingi huharibika kabla maji hayajamiminwa, kwa sababu mwani haukukaangwa vya kutosha.

Kwa watu wanne, gramu 20 za miyeok (ndio mwani wenyewe) mkavu zinatosha. Kwa macho ni kidogo mno, lakini usiongeze: ukilowa hufura karibu mara kumi. Loweka kwenye maji baridi dakika 20. Ukiuacha saa nzima, ladha hubaki majini na majani huteleza kama mlenda. Ufikiche, suuza mara mbili tatu mpaka povu lipungue, kamua kwa nguvu, kisha kata vipande vya sentimita 4. Usipoukamua, utachemka badala ya kukaangika.

Chukua gramu 200 za kidari cha ng'ombe, vipande vidogo, ukaange kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya ufuta, moto wa wastani. Mafuta haya yakiungua huwa machungu. Nyama ikibadilika rangi, tia mwani na kijiko kikubwa cha guk-ganjang, sosi ya soya ya supu, ambayo rangi yake ni nyepesi lakini chumvi yake ni kali kuliko ya sosi ya kawaida. Geuza dakika tano kamili. Mwanzoni harufu ya bahari hupanda. Subiri itulie, ya ufuta itawale, na majani yang'ae.

Maji yaende kwa awamu. Tia vikombe viwili kwanza, yatokote kwa nguvu dakika 10, mpaka mchuzi uwe mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Hapo ongeza lita moja na robo, punje tatu za kitunguu saumu kilichopondwa, punguza moto, acha dakika 40. Vitunguu maji na vya majani haviingii. Chumvi iwe ya mwisho, maana mchuzi hupungua.

Mwani unaolimwa Zanzibar haufai hapa: ukichemshwa sana huyeyuka na kugandisha mchuzi. Tafuta pakiti ya miyeok, au wakame ya Wajapani, ni jani lilelile.

Korea, mzazi hunyweshwa supu hii baada ya kujifungua, kama mzazi wa pwani na uji wa pilipili manga, na huliwa pia asubuhi ya siku ya kuzaliwa. Ina madini joto mengi sana. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo amuulize daktari kwanza.

Ukiipasha kesho yake, ongeza kikombe cha maji kabla ya kuonja chumvi: mwani huendelea kunyonya mchuzi usiku kucha.