Mpira wa CPAP usiokauka

Watu ambao pumzi hukatika wakiwa usingizini, kwa sababu njia ya hewa kooni hujifunga mara kwa mara, hutibiwa kwa mashine ya CPAP, ambayo hupuliza hewa kwa shinikizo la kiasi kupitia mpira hadi kwenye barakoa ili koo libaki wazi usiku kucha. Barua tulizopokea kuhusu mashine hizi zimeegemea kwenye kifaa chake kilicho rahisi kuliko vyote, nao ni mpira wenyewe: namna ya kuuosha na, zaidi ya hapo, namna ya kuukausha. Tumezifupisha barua hizo kabla ya kuzijibu.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu anatumia mashine ya CPAP tangu mwaka jana. Kila siku baada ya magharibi ninauosha mpira kwa maji ya moto na sabuni, kisha ninauanika uani kwenye kamba ya nguo, nikizibana ncha zote mbili kwa vibanio ili uchafu usiingie. Ikifika saa nne usiku, anapotaka kulala, ndani bado mna matone, na tangu masika yaanze mpira unanuka uvundo. Nimeshauriwa nitie jiki kwenye maji ya kuoshea. Je, ni sawa? (Binti, Tanga)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kumtunza mzee. Jiki usitie. Uvundo huo hausababishwi na upungufu wa sabuni bali na maji yanayobaki ndani, na bidii yako ya kuosha kila siku ndiyo inayoyafanya yasiishe.

Chukua mpira huo mchana, uunyooshe na kuuelekeza dirishani penye mwanga. Mpira wa kawaida una urefu wa karibu mita 1.8, na ukuta wake umetengenezwa kwa pete nyingi zilizokaribiana ili uweze kupinda bila kuziba; ukitazama vizuri utaona kwamba pete nyingi zimeshika mstari mwembamba wa maji upande wa chini. Maji hayo hayamwagiki kwa kuinamisha mpira tu, kwa sababu kila pete ni mfereji wake, na kwa kuwa hewa ya Tanga wakati wa masika imeshajaa unyevu, nayo haiwezi kuyabeba kwa haraka. Mpira unaooshwa kila jioni katika hali hiyo haupati hata siku moja ya kuwa mkavu kabisa, na ukungu hauhitaji zaidi ya joto, giza na unyevu usiokatika.

Kwa hiyo badilisha mpango. Sehemu ya barakoa inayogusa uso ipanguswe au ioshwe kila siku, kwa kuwa inashika jasho na mafuta ya ngozi, na kitangi cha mashine, chenye maji ya kuipa hewa unyevu, kimwagwe, kisuuzwe na kukaushwa kila asubuhi. Mpira, ambao hewa inayopita ndani yake kwa sehemu kubwa ni ile inayotoka mashineni ikiwa imechujwa, unatosha kuoshwa mara moja kwa wiki, isipokuwa mzee akiwa na mafua au kikohozi, ambapo unaweza kuuosha mara nyingi zaidi. Kinachotakiwa kila siku ni kuukausha.

Siku ya kuosha iwe na asubuhi nzima mbele yake, wala usingoje magharibi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha toa mpira kwa kushika vile vishikio vigumu vya mwisho, kwa maana anayevuta mwili wa mpira huupasua pale unapoungana na kishikio, na ufa huo hauonekani hadi hewa ianze kuvuja. Tia kwenye beseni maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo isiyo na manukato makali. Maji ya moto sana hulegeza plastiki na kuharibu umbo la pete. Zamisha mpira, uinue ncha moja na kuishusha, kisha nyingine, mara kadhaa, ili maji yenye sabuni yasafiri ndani kutoka mwisho hadi mwisho. Usisukume waya wala kijiti ndani. Suuza mpaka povu liishe na harufu ya sabuni ipotee, kwa sababu harufu hiyo ndiyo mzee atakayoivuta usiku kucha; na ikiwa maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa.

Sasa vibanio. Ukibana ncha zote mbili juu, tumbo la mpira huning'inia chini, na maji yote huteremka na kutulia humo kana kwamba umeyawekea bakuli. Fanya kinyume chake. Kwanza shika mpira katikati, simama mahali penye nafasi na uukung'ute kwa nguvu, ncha zikielekea chini, mpaka matone yaache kuruka. Kisha uning'inize juu ya kitu cha mviringo kilicho kinene kiasi, kama fito ya pazia la bafuni au mpini wa fagio uliolazwa juu ya viti viwili, ili katikati pawe juu na ncha zote mbili zitazame chini. Kamba nyembamba huukunja mpira na kuuachia alama. Pawe na kivuli chenye upepo. Jua kali huigeuza plastiki kuwa ya manjano na ngumu, na mpira uliokakamaa hupasuka kwenye pete. Kuhusu uchafu na wadudu, hofu yako ni ya haki, maana mende wadogo hupenda matundu yenye unyevu: funika kila ncha kwa kipande safi cha shashi au chandarua kilichofungwa kwa rababendi, kitu ambacho hewa inapita.

Ikiwa hata hivyo jioni bado unaona ukungu wa mvuke ndani, tumia mashine yenyewe. Kausha kitangi na ukirudishe kikiwa kitupu, zima joto lake, unganisha mpira bila barakoa na uiache mashine ipulize kwa dakika 15 au 20. Baadhi ya mashine hujizima zikihisi barakoa haipo. Hizo zina mpangilio wa kuondoa tabia hiyo kwa muda, nao umeelezwa katika kijitabu chake. Usitumie kikaushio cha nywele.

Na kama mfuko unaruhusu, nunua mpira wa pili. Kwa watu wa pwani nauona kuwa matumizi bora ya fedha kuliko dawa yoyote ya kusafishia, kwa sababu mmoja ukifanya kazi mwingine unapata siku nzima, au hata wiki nzima, ya kukauka. Mipira ya kawaida isiyo na waya wa joto huwa na mdomo wa milimita 22 unaoingia kwenye mashine nyingi bila kujali kampuni, ila mashine ndogo za safari mara nyingi zina mdomo wao wa pekee. Mpira mwembamba wa milimita 15 nao unafaa, mradi mashine iwe imewekwa katika mpangilio unaolingana nao, la sivyo shinikizo linalomfikia mzee huenda lisiwe sahihi.

Jiki, spiriti na dawa za kuulia vijidudu zenye harufu kali huila plastiki na kuacha mvuke ambao mapafu hayapaswi kuuvuta. Huo mpira unaonuka sasa, uoshe na kuukausha kama nilivyoeleza. Uvundo ukibaki, au ukiona madoa meusi kati ya pete, utupe.

SWALI: Assalaam alaykum. Ninaishi Muscat na ninalala na AC ikiwa kwenye digrii 18. Usiku wa manane mpira huanza kuguguma, na matone ya maji baridi hunifikia puani, ingawa niliuweka ukiwa mkavu kabisa. Asubuhi mke wangu huufukiza udi ili usiwe na harufu. Je, mpira wangu ni mbovu? (Baba wa watoto, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam. Mpira wako ni mzima. Kitangi cha mashine hupasha maji joto ili hewa ipate unyevu; hewa hiyo ya uvuguvugu inaposafiri ndani ya mpira uliozungukwa na chumba cha digrii 18, hupoa njiani, na kwa kuwa hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto, unaozidi hugeuka matone na kukusanyika mahali mpira ulipoinama. Huko kuguguma ni hewa inayojipenyeza katika kidimbwi hicho. Wasomaji wa Nairobi na Arusha hupatwa na jambo hilo hilo mwezi wa Juni na Julai bila AC yoyote.

Anza kwa kupandisha AC hadi digrii 23 au 24 na kupunguza unyevu wa mashine ngazi moja kila usiku, ukisimama pale matone yanapokoma, kwani ukipunguza kupita kiasi utaamka koo na pua vikiwa vimekauka. Weka mashine chini ya usawa wa kichwa chako, juu ya stuli fupi kando ya kitanda, ili matone yakitokea yarudi kwenye kitangi badala ya kuja usoni. Pitisha mpira chini ya blanketi au uuvishe mfuko wa kitambaa cha sufi, ambao fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea. Matone yakiendelea, uliza kuhusu mpira wenye waya wa joto ndani ya ukuta wake, lakini hakikisha umetengenezwa kwa ajili ya mashine yako, kwa maana hiyo haiazimani. Asubuhi ukimaliza, toa mpira, ukung'ute na uuning'inize, hata kama si siku ya kuosha.

Udi ni kwa nguo na sebule. Moshi wake huganda ndani ya pete za mpira na huvutwa moja kwa moja mapafuni usiku unaofuata, jambo ambalo halifai kwa mtu yeyote, sembuse anayetibiwa pumzi. Ni vivyo hivyo kwa marashi, mafuta ya mkaratusi au ya karafuu ambayo baadhi ya watu hudondosha kwenye kitangi.

SWALI: Je, naweza kutia kwenye kitangi maji ya betri yanayouzwa kituo cha mafuta, maana nasikia ni maji safi yasiyo na madini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usiyatie. Hata yale ambayo kweli ni maji matupu hayakuandaliwa kwa ajili ya kuvutwa na binadamu, na chupa yake hufanana mno na ile ya asidi ya betri iliyo kwenye rafu hiyo hiyo. Ulizia katika duka la dawa au kwa wauzaji wa vifaa vya maabara maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Ukikosa kabisa kwa usiku mmoja au miwili, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yatakuvusha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini, kwa hiyo utaona magadi meupe chini ya kitangi. Yaondoe kwa siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha suuza sana.

SWALI: Kaka yangu aliyeko Marekani amenitumia kisanduku kinachosafisha mpira kwa gesi ya ozoni bila maji wala sabuni. Kinaonekana kunirahisishia kazi. Nikitumie? (Mama, Mombasa)

JIBU: Mshukuru kaka, lakini kisanduku kikae kabatini. Ozoni huua vijidudu kwa sababu ni gesi kali, na kwa ukali huo huo huwasha koo na mapafu ikibaki ndani ya mpira au ikivuja chumbani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Februari 2020 kuhusu visafishio vya ozoni na vya mwanga wa urujuanimno (UV) vinavyouzwa kwa ajili ya CPAP, ikieleza kwamba haikuwa imeidhinisha hata kimoja kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, kampuni ya Philips iliziita mashine zake nyingi zirudishwe kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa ikimomonyoka, na usafishaji kwa ozoni ulitajwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuharakisha mmomonyoko huo. Ikiwa mashine yako ni ya Philips na ilitengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, linganisha namba yake na orodha ya kampuni, kisha muone daktari wako. Usiache kuitumia bila kuzungumza naye. Kuhusu mwanga, kasoro yake ni nyingine: hauwezi kupinda kufuata mpira, na kivuli cha kila pete huachwa bila kuguswa.

SWALI: Mpira wenye waya wa joto huoshwaje, na nitajuaje kwamba umechoka? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Soma kwanza kijitabu cha mpira wako, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Mingi huruhusu kuoshwa kwa mkono kama mpira wa kawaida, lakini kamwe usiuchomeke mashineni mpaka ile ncha yenye pini za umeme iwe imekauka kabisa. Mimi ningeiacha usiku mzima na kutumia mpira wa akiba.

Kuhusu kuchoka, katika nchi ambako bima hulipia, mpira hubadilishwa kila baada ya miezi 3, ratiba ambayo wengi wetu hatuimudu na ambayo kwa mpira unaotunzwa vizuri si lazima kuifuata kikamilifu. Ukague mwenyewe kila unapouosha. Unyooshe polepole ukiuelekeza kwenye mwanga na utafute nyufa, hasa sentimita chache za kwanza kutoka kila kishikio. Kwa mpira wa kawaida usio na waya, ziba ncha moja kwa kiganja, puliza kwa nyingine huku mwili wake ukiwa ndani ya beseni la maji, na utazame viputo. Ukiona hata kimoja kikitoka ukutani, usiuzibe kwa gundi wala plasta. Nunua mwingine.