Usiku wa taarab kwenye ukumbi wenye ngazi: waanzie wapi?

Mleta mada, umesema kundi lenu linaandaa usiku wa taarab, ukumbi una ngazi mlangoni, hela ni ndogo, na mnataka watu wenye ulemavu waje. Natumia kiti mwendo na taarab naipenda tangu utotoni, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Anzeni na tangazo. Andikeni ngazi ziko ngapi, choo kikoje, na namba ya simu ya kuulizia. Shughuli nyingi zimenipita kwa kukosa habari hizo tu.

Mlangoni wekeni mteremko wa mbao, ila msikisie. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kimo cha sentimita 40 kinataka mteremko wa karibu mita 5. Ukiwa mfupi zaidi, mtu anarudi kinyumenyume. Na kubebana, jamani, tuache. Kuna ukumbi mabaunsa walininyanyua juujuu na kiti changu bila kuniuliza, watu wakipiga makofi. Sikurudi tena pale.

Ndani ndiko wengi wanakosahau. Tunawekwa nyuma kabisa, au ubavuni mwa spika. Sasa taarab gani hiyo? Wimbo ukikugusa unakwenda mbele kutunza. Nami nataka kumtunza mwimbaji kwa mkono wangu mwenyewe, si kumpa mtoto wa watu noti anipelekee. Acheni njia ya upana wa mita moja mpaka mbele ya jukwaa, na awepo mtu wa kuhakikisha haizibwi na viti vya plastiki vya waliochelewa. Nafasi yangu iwe pamoja na ndugu niliokuja nao.

Viziwi nao waalikeni. Ulizeni CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, kuhusu wakalimani wa lugha ya alama. Chukueni wawili wapokezane, wasimame penye mwanga, na wapeni mashairi mapema. Taarab imejaa mafumbo, mkalimani hawezi kuyafumbua papo hapo huku muziki unakwenda.

Mwenye ukumbi akigoma, mna pa kusimamia: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 30 inataja utamaduni na burudani waziwazi.

Jukwaa lenyewe hukuligusia. Kama yupo mwimbaji au mpiga ala anayetumia kiti mwendo au magongo, huko nako mnahitaji mteremko. Pima vimo vyote viwili, uviweke hapa nikupigie hesabu ya mbao.