Maswali na majibu: Imani ndani ya mpangokazi

Safari hii barua nyingi zimekuja na Mungu ndani yake. Nimechagua sita.

Bosi wetu ni mcha Mungu sana. Kila nikiuliza tutafanyaje vifaa vikichelewa, hunijibu "Mungu atajalia". Sasa naonekana mimi ndiye sina imani. Nifanyeje?

Imani yako haina tatizo. Kisichojazwa ni rejesta ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuuharibu mradi na mtakachofanya kuyakabili. Niliwahi kurithi mradi uliokwisha kuanza, nikafungua rejesta yake. Mstari wa kwanza: "Mhandisi mkuu kuacha kazi." Uwezekano: mkubwa. Athari: kubwa. Hatua za kuchukua: "Tunaomba." Nilicheka. Wiki ya sita mhandisi akaondoka, na hakuna aliyejua nywila ya faili za michoro yake. Sikucheka tena.

Tena dini zenyewe hazimuungi mkono bosi wako. Katika Hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Tirmidhi, mtu anamuuliza Mtume (S.A.W.) amwache ngamia bila kumfunga na atawakali, yaani amtegemee Mungu? Anaambiwa amfunge, kisha atawakali. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama, aone kama anavyo vya kuumalizia. Huo ni upembuzi yakinifu mtupu.

Kwa hiyo usibishane naye juu ya Mungu. Omba nusu saa ufanye zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007: waambie wenzako wajione mwaka umepita na mradi umekufa, kisha kila mmoja aandike, kimyakimya, umeuawa na nini. Mtu asiyethubutu kusema "nina wasiwasi" mbele ya mkubwa hujaza ukurasa mzima akiulizwa hivyo. Bosi naye apewe karatasi. Mkimaliza, fungeni ngamia mmoja baada ya mwingine, kila ngamia na jina la mtu anayeshika kamba.

Tunafungua vikao kwa sala. Wenzetu wawili si wa dini yetu, huwa wanatazama simu mpaka tumalize. Tuache?

Wanaotaka kusali wasali kabla ya saa ya kikao, na jambo hilo lisiingie kwenye ajenda. Ndani ya kikao dakika moja ya kimya inatosha. Kila mtu ataijaza anavyojua, hata kwa kujiuliza kama alifunga mlango wa nyumbani. Na kama wewe ndiye unayepitisha nyongeza za mishahara, usijidanganye kwamba wanaokuja kusali nawe wote wamekuja kwa hiari.

Ripoti inatakiwa kwa mfadhili Ijumaa. Kazi imefika asilimia 60, nimeambiwa niandike 80. Nasali lakini sipati amani.

Huko kukosa amani huenda ndiyo majibu ya sala yako. Mimi roho ya mtu kazini naitafuta hapa hapa, kwenye tarakimu moja, saa kumi na moja jioni, ofisi ikiwa imebaki na watu wawili.

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walipinga kirushwe kesho yake kwa sababu ya baridi: walihofia pete za mpira zinazoziba maungio zisingeziba vizuri. Mkuu mmoja wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivaa. Chombo kiliruka asubuhi, na sekunde 73 baadaye wanaanga 7 walikuwa wamepotea au wakielekea kupotea. Ripoti yako pengine haitaua mtu. Ila kofia ni ileile.

Andika 60. Pembeni andika kilichobaki, tarehe mpya, na msaada unaohitajika. Mweleze bosi ana kwa ana kabla hujaituma, asishtukizwe. Akitaka 80, aiandike mwenyewe na asaini yeye. Na weka nakala yako.

Dakika tano za kutafakari kila asubuhi zitaongeza tija ya timu?

Jaribuni, mwone. Ila ofisi inayohimiza utulivu wa moyo huku ikituma barua pepe saa sita usiku ianze na barua pepe.

Timu yangu ina Waislamu na Wasabato. Mradi ni wa miaka mitatu. Ratiba niipangeje?

Usinakili ratiba ya mwaka uliopita. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya ofisini, na Idd hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo acha siku moja ya akiba. Sabato huanza machweo ya Ijumaa, basi kukabidhi kazi Ijumaa usiku ni kuwatega watu. Halafu waulize kabla tarehe hazijafungwa. Wapo waliofunga watakaokuomba kazi nzito asubuhi, na wapo watakaokasirika ukiwapunguzia kazi bila kuwauliza.

Mradi wetu umefutwa baada ya miaka miwili. Timu iko kama imefiwa. Meneja mwenzangu anasema tusahau, tuanze mwingine.

Msiba haukatazwi, una siku zake. Iteni kikao cha kufunga mradi. Norman Kerth, aliyeandika kuhusu vikao vya aina hii, alitaka vianze kwa kukubaliana kwamba, lolote litakalogunduliwa, kila mtu alifanya kadiri alivyoweza kwa alichokijua na alichokuwa nacho wakati ule. Someni kauli hiyo kwa sauti, maana bila hiyo mtatafuta wa kumlaumu. Kisha kila mtu ataje kitu kimoja anachoondoka nacho.

Kwenye mradi mmoja niliofunga, kijana ambaye kwa miaka miwili hakuwa msemaji alisema hapo ndipo alipojifunza kusema "sijui" bila kuogopa. Tulisaini fomu za makabidhiano, tukazima seva. Ilikuwa saa nane mchana na ruhusa ya kuondoka ilishatoka. Hakuna aliyesimama.