Kitafunio cha Saa Nne Ofisini

SWALI: Mpendwa Mshauri, nafanya kazi ya kukaa mezani mjini Malindi. Kila saa nne asubuhi mchuuzi hupita na mahamri, viazi vya karai na mabuyu, nami hununua na kuteremshia chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Kabla ya adhuhuri usingizi hunielemea na njaa hurejea. Je, niache kula kabisa hadi chakula cha mchana? — Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, sikushauri ushinde na njaa, kwani mwenye njaa kali hula kupita kiasi mchana. Unga mweupe na sukari humeng'enywa upesi, sukari ya damu ikapanda kisha ikashuka, na huenda ndiyo sababu ya uchovu wako. Njugu au korosho zisizotiwa chumvi, kiasi cha gao moja, zina protini, mafuta na nyuzinyuzi, hivyo hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Ziambatanishe na embe au ndizi, matunda ambayo Pwani yetu imejaliwa kwa wingi. Mabuyu yenyewe hayana ubaya, ila yale mekundu ya mchuuzi yamegubikwa sukari na rangi.

Chai usiiache, ipunguzie sukari kidogo kidogo: vijiko vyako vitatu ni takriban gramu 12, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Mahamri yabaki ya siku mojamoja. Iwapo uchovu utaendelea, tafadhali kapimwe sukari ya damu.